Nukta Nene Kwenye Pafu la Furaha

Vijana, mkiniona siku hizi nimekaa kwenye benchi la wagonjwa, kisha nikainuka na kuchungulia chumba chenu cha picha, msinifukuze. Mwili umekwenda pensheni, macho yamekataa. Nimezeeka nikipiga picha za ndani ya watu hapa Bukavu, tangu enzi za Zaïre, wakati kila mtu aliitwa citoyen, yaani raia, na wanaume wote tulikuwa tunabanwa shingo na abacost, lile koti la serikali lisilovaliwa tai. Nilikuwa sipiti sokoni Kadutu bila kuitwa. Huku ninapimiwa sambaza, dagaa wa ziwa letu, huku naulizwa kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Papa Radio, kifua yangu ilitokea muzuri?" Maana sisi huku picha ya eksirei tunaiita radio, na anayeipiga hapati jina jingine mpaka kaburini.

Nyinyi mna mashine zinazoongea na kompyuta, na mnajua mambo mengi ambayo mimi siyajui. Sibishani na hilo. Lakini mara nyingi nawaona mnaitazama picha tu, mgonjwa hammtazami, na hapo ndipo ninapowashwa na ulimi.

Kazi nilifundishwa na Papa Kasongo, mtu wa Kindu, mnene, mwenye sauti ya kuongozea kwaya. Alikuwa akisema picha nzuri ya mapafu haipigwi na mashine, inapigwa na pumzi. Mgonjwa akivuta hewa nusu, unapata mapafu nusu. Kwa hiyo kila mtu alimwamuru kwa lugha aliyoizoea: wa Kabare kwa Mashi, wa mjini kwa Kiswahili, askari kwa Lingala. Siku moja alimwamuru askari mmoja avute pumzi na kuibana, akapiga picha, halafu mtu akamwita mlangoni wakaanza kuzungumzia mpira. Papa Kasongo akasahau kusema "pumua". Askari wa watu akasimama palepale, kifua mbele, macho yanamtoka, anangoja amri. Tulipomshtukia alikuwa ameshaanza kuyumba. Alipopata nafuu hakukasirika hata kidogo, alipiga saluti. Papa Kasongo aliniambia baadaye, huku akijifuta jasho, kwamba mtu akikuamini namna ile inabidi umtunze.

Jambo la pili alilonifundisha lilihusu akina mama. Lazima mfahamu kwamba siku zile kwenda kupigwa radio ilikuwa kama kwenda studio ya picha. Mama anatoka Mudaka au Luvungi, anakohoa hawezi kupanda ngazi, lakini amejipaka poda, amesuka, amefunga kikwembe kipya. Kikwembe ndicho kitenge, pagne kama wanavyosema wasomi. Ukimwambia kwamba picha itaonyesha mbavu tu, anakujibu, "Basi zionekane mbavu za mutu aliyejitayarisha." Na asiye na kikwembe kizuri aliazima. Katika sali ya wanawake, yaani wodi yao, daima kulikuwa na kimoja kizuri kuliko vyote, nacho kilizunguka kutoka kitanda hadi kitanda, kila anayeitwa kwenye picha anakivaa, akirudi anakivua na kumkabidhi mwenzake.

Papa Kasongo hakupingana nao. Alivua kila chenye chuma: rozari, medali, pini, vifungo. Nywele za kusuka alizifunga juu, maana msuko ukianguka begani unaonekana kwenye picha kama ugonjwa kwenye kilele cha pafu. Hilo lishikeni hata leo. Lakini kikwembe alikiacha. "Nguo haina mufupa," alisema. "Mionzi inapita. Juu ya nini umuhangaishe maman wa watu abaki kifua wazi?" Nilimpenda kwa hilo, na daktari wetu alilipenda pia. Ikawa ndiyo desturi ya chumba chetu.

Daktari wetu alikuwa Docteur Bahizire, mtoto wa Kabare aliyesomea Ulaya na kurudi, jambo ambalo wenzake wengi hawakulifanya. Alikuwa mrefu, mwenye haya, na akiwa na wasiwasi alikuwa anatafuna kijiti cha kiberiti. Kutoka kule alikosomea alituombea mashine ambayo wenyewe walikuwa wanataka kuitupa. Ilifika katika masanduku, na tulifanya kazi nyingi mpaka ikakubali umeme wetu.

Niwaeleze ilivyofanya kazi, kwa sababu nyinyi hamtaiona tena. Radio inapitisha mionzi kutoka nje mpaka ndani. Mashine hii ilifanya kinyume. Mgonjwa alichomwa sindano ya dawa yenye mionzi kidogo, iliyoitwa galiamu. Dawa inatembea katika damu, na penye uvimbe na joto la ugonjwa inakaa zaidi kuliko pengine. Baada ya siku mbili tatu unamlaza mgonjwa, na kichwa kizito cha mashine kinapita juu ya kifua chake, kinakwenda na kurudi, mstari kwa mstari, polepole kama mtu anayepalilia maharage. Kila inaposikia mionzi, kinyundo kidogo kinagonga nukta kwenye karatasi: tak, tak. Penye ugonjwa nukta zinasongamana. Watu wakaiita mashine ya nukta. Mgonjwa alitakiwa alale kimya muda mrefu, na wengi walisinzia kwa ile tak tak.

Galiamu ilitoka Ulaya, ikapitia Kinshasa, ikatua Kavumu. Shida yake haingoji. Kila siku inayopita inapungua nguvu, ukiifungua au usiifungue. Kwa hiyo ndege ikitua, tulikuwa tuko pale. Safari ya kwanza, askari wa uwanja alikinyanyua kile kisanduku, kidogo kama mkate, akashindwa kwa uzito, maana ndani dawa ilikaa katika chungu cha madini ya risasi, ya kuzuia mionzi. Katika nchi yetu hii ya Kamituga na Mwenga, kitu kidogo kizito kina jina moja tu. "Oyo nini?" akauliza. "Hii iko dhahabu!" Docteur alieleza kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, akatafuna kijiti. Wapi! Mwishowe nikatoa kile kifaa chetu cha kusikilizia mionzi, tulichokiita panzi kwa sababu ya mlio wake, nikakisogeza kwenye kisanduku. Kikalia kwa fujo. Askari akaturudishia mzigo, akaenda kunawa mikono, na tangu siku hiyo kila tukifika anatupungia kwa mbali.

Sasa niwaambie habari ya Furaha.

Mwaka ule homa ya mafua ilipita milimani vibaya. Wazee walikufa, na vijana wengine walikuja kwetu wakipumua kwa shida. Furaha aliletwa kutoka Mudaka, mama kijana mwenye mtoto mmoja, Neema, ambaye alikuwa ameshaacha ziwa. Mumewe alikuwa machimboni Kamituga. Aliyemleta pamoja na mtoto, na aliyebaki naye kama garde-malade wa kumpikia na kumfulia, alikuwa mamamkwe wake, Maman Nsimire.

Niseme kweli, nilikuwa namuogopa Maman Nsimire. Alikuwa mwembamba, mweusi, mkavu, na maneno yake yalihesabika. Sahani ya Furaha aliitenga, akaiosha peke yake kwa maji yanayochemka. Hakumshika mkono, hakumbembeleza. Sali nzima ilishakata shauri: kikiwa kifua kikuu, huyu mama atamrudisha binti wa watu kwao, na mtoto atabaki naye. Hayo yalikuwa yanatokea, vijana. Siku zile mwanamke akitajwa kifua kikuu, alipelekwa sanatoriamu mlimani kwa miezi mingi, na wengi waliporudi walikuta nyumba ina mwanamke mwingine. Furaha alilijua hilo kuliko sisi. Kila nilipoingia aliniuliza kwa sauti ya chini, mamamkwe asisikie: "Papa, ni ile kubwa?" Hakuweza hata kuitaja.

Na sisi hatukuwa na jibu. Radio ilionyesha ukungu mweupe katika mapafu yote mawili. Ukungu kama ule unaweza kuwa wa virusi vya mafua vilivyoshuka kifuani, na unaweza kuwa kifua kikuu kinachoanza. Makohozi yalitazamwa kwenye darubini, hayakuonyesha kitu, lakini kwa kifua kikuu makohozi yanaweza kukudanganya. Docteur akaamua tutumie mashine ya nukta. Akanieleza vizuri, na mimi nawaeleza nyinyi: mashine haioni virusi, hakuna atakayekiona kirusi kwa nukta. Inaonyesha tu ugonjwa umekaa wapi na kwa namna gani. Virusi huwa vimetawanyika, nukta nyepesi huku na huku, pande zote. Kifua kikuu kinapenda kujikusanya, hasa juu. Halafu unaiweka picha hiyo pamoja na radio, homa, makohozi na kikohozi, ndipo unasema neno.

Tulimchoma sindano siku ambayo dawa ilifika. Siku hiyohiyo tulimchoma na Maman Zawadi, mfanyabiashara wa Luvungi, mcheshi, aliyekuwa na jipu kwenye ini na aliyelazwa kitanda cha jirani. Siku ya picha ilipofika, Furaha alikuja amefunga kikwembe cha rangi ya njano na ndege wa buluu, kinang'aa kama kipya, pembe yake ameichomeka juu ya ziwa la kushoto. Alikuwa amepata nafuu kidogo, na poda alijipaka. Nilimsifu, akacheka kwa mara ya kwanza. Akalala, mashine ikaanza kupalilia.

Nukta zilianza kutoka nyepesi, pande zote mbili, na moyo wangu ukachangamka. Kisha kichwa kikafika juu kushoto, na kinyundo kikagonga mfululizo, mstari huu, mstari unaofuata, mpaka karatasi ikawa na doa jeusi la ukubwa wa kidole gumba. Furaha alikuwa amefumba macho. Nilitamani mashine iharibike.

Docteur aliiinamia ile karatasi kwa muda mrefu. Nukta nene, juu, upande mmoja. Kila kitabu alichosoma kilisema jambo lilelile. "Hatuna haki ya kumuacha kati ya wengine," aliniambia, na kijiti kikakatika mdomoni. Lori la sanatoriamu lilikuwa linakuja asubuhi inayofuata, na likipita halirudi upesi. Alimwita Maman Nsimire akamweleza. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza tu: "Lori inaenda saa gani?" Akatoka, akambeba Neema mgongoni, akashika njia ya Mudaka kwa miguu. Sali ikasema, mnaona? Hakudondosha hata chozi. Furaha aligeukia ukuta. Nilimletea chai, ikapoa hapo alipoiweka.

Asubuhi lori lilikuja, likasimama uani linanguruma. Maman Nsimire alikuwa amesharudi, na alirudi na mizigo: sufuria, blanketi, vifurushi vya nguo, hata jembe. Akaipandisha kwenye lori mwenyewe, hakutaka msaada. Wanawake walitazamana. Amemtolea vitu vyote nyumbani, walinong'ona, hataki hata sufuria yake ibaki. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kibaraza na Docteur, ana karatasi ya uhamisho mfukoni, na sote wawili tulikuwa na hasira na yule mama, kwa sababu ilikuwa rahisi kumkasirikia yeye kuliko kuukasirikia ugonjwa.

Akatujia. Kwenye mkono wake alikuwa na kikwembe cha njano chenye ndege wa buluu, amekikunja vizuri.

"Docteur, Furaha alivaa nguo ya watu," akasema. "Hii haiko yake. Iko ya Maman Zawadi. Sitaki tuende na kitu ya mutu, batasema tumeiba. Niirudishe, ama mutaihitaji tena kwa picha?"

Docteur akaanza kusema irudishwe. Kisha akakishika kile kikwembe. Akanitazama, nami nikamtazama. Maman Zawadi. Sindano siku ileile.

"Alikuwa amevaa hii siku ya sindano? Zawadi?" akauliza Docteur.

"Njo hii. Anaivaa kila siku ya kutoka. Alimuazima huyu juu ya picha tu."

Nilikimbia kuchukua panzi. Nilikuwa na mwili wakati ule, lakini sijawahi kukimbia vile. Tukakitandaza kikwembe kwenye meza ya kibaraza, nikapitisha kifaa juu yake. Kimya, kimya, mlio mmoja mmoja kama kawaida. Nikafika kwenye ile pembe ya kuchomeka. Panzi akalia mpaka wagonjwa wakatoa vichwa madirishani.

Ilikuwa tone moja tu. Sindano ilipotoka kwenye mkono wa Zawadi, tone lilidondokea kwenye pembe ya nguo yake, likakauka, hakuna aliyeliona. Nguo haina mfupa, kweli, na kwa radio Papa Kasongo alisema sawa. Lakini kwa mashine inayosikiliza mionzi, nguo yenye tone la dawa inasema kwa sauti kuliko pafu lenyewe. Desturi nzuri tuliihamisha kutoka chumba kimoja hadi kingine bila kuiuliza kama inafaa huko. Ndiyo sababu nawasumbua kila mara: mashine mpya ikija, zikagueni upya hata desturi zenu nzuri. Na mgonjwa wa mionzi mfunikeni kwa shuka ya chumba chenyewe, iliyopitishwa panzi kabla. Heshima yake inabaki palepale.

Docteur hakupoteza wakati kujilaumu. "Dawa bado iko mwilini mwake," akasema. "Tumulaze tena. Sasa hivi."

Dereva akapiga honi. Nikamwendea, nikamwomba asubiri. Akasema barabara ya mlimani inateleza, mvua inakuja, na yeye si taksi ya mtu. Maman Nsimire akapanda kwenye lori, akakaa juu ya vifurushi, akamwambia kwamba kama anaondoka aondoke naye, ila yeye atapiga kelele mpaka kule juu. Dereva akamtazama, akazima injini.

Ndani, Furaha hakuelewa anarudishwa kwa nini. Nilimvua hata uzi wa shingoni, nikamfunika shuka safi, nikamwambia alale tu, nitamweleza. Kinyundo kikaanza. Docteur alisimama upande mmoja wa karatasi na mimi upande mwingine, na hakuna aliyekuwa anapumua vizuri. Nilimkumbuka yule askari wa Papa Kasongo aliyebana pumzi. Nyepesi kulia. Nyepesi kushoto. Kichwa kikapanda juu, mstari, na mwingine, na mwingine. Tak. Halafu kimya kidogo. Tak. Doa halikuwepo. Palikuwa na nukta chache, zilizotawanyika, kama pengine pote.

Docteur aliziweka picha zote pamoja kwenye kioo cha taa, akazitazama tena tangu mwanzo, kwa sababu alikuwa mtu mwangalifu hata akiwa na furaha. Kisha akasema homa imeshashuka, makohozi ni safi, mapafu yamevimba kidogo pande zote sawasawa. "Hii iko virusi vya mafua, Furaha. Si ile kubwa. Itapona yenyewe, pole pole. Utarudi nyumbani, utapumzika, na utakuja tena tukupige radio." Alirudi kweli baadaye, na radio ikawa safi kabisa, nawaambia sasa ili msikae na wasiwasi. Lakini pale mezani alishika mkono wangu wenye glavu, akaukandamiza kwenye uso wake wenye poda, akalia. Nami nililia, sioni aibu kuwaambia.

Tulitoka naye mpaka uani. Docteur mwenyewe akamwambia Maman Nsimire, aliyekuwa bado amekaa juu ya mizigo kama askari wa ulinzi. Yule mama akasikiliza mpaka mwisho, kama siku zote. Kisha akasema, "Aksanti, Mungu," kwa sauti ndogo, akaanza kushusha vitu.

Dereva, aliyekuwa na haraka, alimsaidia. Akamrushia Furaha kifurushi cha kwanza, Furaha akakidaka. Cha pili kikafunguka hewani, nguo zikamwagika kwenye matope. Hazikuwa nguo za Furaha. Yalikuwa makoti ya zamani ya mwanamke mzee, fulana ya baridi, kitambaa cha kichwa cha kanisani. Wanawake wa sali, ambao wote walikuwa wametoka kutazama, wakasogea karibu.

"Mama," akasema Furaha, "hizi ni zako."

"Ni zangu."

"Ulikuwa unaenda wapi?"

Maman Nsimire alikuwa ameinama anaokota, anakung'uta matope. Hakumtazama.

"Kule mulimani. Neema nilimuacha kwa dada yangu, kule si mahali pa mutoto. Nyumba nilifunga, mbuzi nilitoa kwa jirani. Ni nani angekupikia?"

Furaha alisimama na kifurushi chake kifuani. Ile sahani, yale maji ya moto, alikuwa anamlinda mjukuu, na wakati huohuo alikuwa anajiandaa kwenda kuishi na kikohozi.

"Mama, kama ingekuwa ile kubwa, ungeipata na wewe."

"Niko muzee. Ingenifanya nini?" Akamtwika sufuria kichwani, akaisawazisha kwa mikono miwili, na mikono hiyo ikabaki mashavuni mwake kidogo. "Sasa unalia nini? Tembea. Tufike mbele ya mvua."